Dirisha la Dawa na Daftari la Hesabu

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa)



Tunawashukuru kwa kutualika, na zaidi kwa kutupa mada ambayo mawakili kwa kawaida hawapewi. Watu wakitaka kusikia habari za hospitali humwita daktari. Wakili huitwa baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kuzikwa na jamaa wanataka kushtaki. Leo mmetuita mapema, nasi tutajaribu kuistahili heshima hiyo kwa kusema jambo moja tu. Fedha za afya katika nchi yetu ni chache, na wauguzi na madaktari hawatoshi. Hayo hakuna anayeyabisha. Lakini hata kile kidogo kilichopo hakimfikii mgonjwa, kwa sababu mwananchi aliyesimama kwenye foleni hana njia ya kumwuliza yule anayeshika daftari la hesabu, na anayeshika daftari hana sababu ya kumjibu.

Tuanze na foleni yenyewe. Mwaka uliopita tulimsindikiza jirani yetu, mama wa makamo mwenye ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu, hadi hospitali moja ya umma. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Foleni ya kwanza ilikuwa ya kuandikisha jina, ya pili ya keshia, ya tatu ya kupimwa shinikizo la damu, ya nne ya kumwona daktari, ya tano ya maabara. Kisha akarudi kwa daktari na majibu ya maabara, na hiyo ikawa foleni ya sita. Saa tisa na nusu alasiri tulifika foleni ya saba, yaani dirisha la dawa. Kijana aliyekuwa ndani alimwambia kwa adabu kabisa kwamba dawa mbili kati ya tatu alizoandikiwa hazipo, akamrudishia karatasi yake. Ng'ambo ya barabara, hatua zisizozidi hamsini, palikuwa na duka la dawa, na humo zilikuwemo zote tatu. Hatusemi zilitoka wapi, kwa maana hatukuona, na kazi yetu ni ya ushahidi. Tunasema tulilolihesabu kwa saa ya mkononi: katika saa tisa alizokaa pale, mama yule alikuwa mbele ya daktari kwa dakika saba.

Zitazameni foleni zile saba. Ugonjwa wake ulihitaji labda nne. Zilizobaki zilikuwapo kwa ajili ya karatasi na fedha. Na mgonjwa wa sukari si mgeni hospitalini. Jina lake linajulikana, dawa zake zinajulikana, na angeweza kupangiwa siku yake na kupewa dawa za miezi miwili au mitatu badala ya kurejea kila mwezi kusongamana na mwenye homa aliyekuja jana. Mabadiliko kama hayo hayahitaji jengo jipya wala mkopo wa nchi za nje. Yanahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aketi na wauguzi wake wikendi moja na kupanga upya. Kwa nini haketi? Kwa sababu hakuna anayemwuliza. Mkubwa wake humwuliza kuhusu makusanyo ya fedha, na kuhusu makusanyo hujibu vizuri sana.

Sisi wa rika letu tulikuwa watoto wa shule ya msingi mpango wa kuchangia gharama ulipoanza. Tunakumbuka kutumwa dukani kununua daftari la kuandikia, kwa kuwa zahanati haikuwa na kadi na tabibu aliandika katika daftari la mgonjwa mwenyewe. Tunakumbuka kina mama waliokwenda kujifungua wakiwa na mfuko wa pamba, wembe na glavu. Wazee waliopo hapa watakumbuka mbali zaidi: kwamba mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 katika vituo vya umma, ikitangaza kwamba maradhi ni mmoja wa maadui watatu wa taifa pamoja na ujinga na umaskini. Adui huyo aliachiwa njia mwezi Desemba 1989, wakati wa Bunge la chama kimoja, ada ziliporudishwa. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi, watafiti walihesabu waliofika kabla ya ada na wakati wa ada. Wanaume walipungua hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Tafadhali kumbukeni miaka ile ilikuwa ya namna gani. Ukimwi ulikuwa unaingia majumbani mwetu, na ilikuwa lazima kila mwenye ugonjwa wa zinaa atibiwe upesi. Sisi tukamwekea keshia mlangoni. Ada zilisimamishwa mwaka 1990, zikarejeshwa kidogo kidogo kuanzia mwaka 1992.

Tarehe hizo zinalingana na tarehe nyingine mnazozijua vyema. Kifungu cha 2A kilifutwa mwezi Desemba 1991, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanywa mwezi Desemba 1992. Tunaheshimu sana waliopigania hayo, na wengine wamo katika ukumbi huu. Lakini hatuna budi kukiri kwamba tulipata vyama vingi, na dirisha la dawa likabaki vilevile. Tulijifunza kumwuliza mbunge kuhusu kura, wala hatukujifunza kumwuliza msimamizi wa hospitali kuhusu vidonge.

Mageuzi ya afya yalikuja, tena kwa awamu. Mwaka 2004 ada za zahanati zilipunguzwa hadi shilingi 10 na za vituo vya afya hadi shilingi 20. Mwaka 2010 tukapata Katiba mpya. Tarehe 1 Juni 2013, Siku ya Madaraka, ikatangazwa kwamba ada hizo zimeondolewa na kwamba kujifungua katika vituo vya umma ni bure. Watu walishangilia, na haki yao. Miezi miwili baadaye, Agosti 2013, mama mmoja alifika kujifungua katika hospitali ya umma magharibi mwa Kenya. Aliambiwa anunue pamba na dawa kwa fedha zake. Uchungu ulipomzidi hapakuwa na kitanda kwa ajili yake, akajifungua sakafuni, kisha akapigwa na kutukanwa na waliopaswa kumhudumia. Tukio hilo lilipigwa picha za video, na ndiyo sababu tunayajua haya. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa mama yule fidia ya shilingi milioni 2.5, ikasema kwamba Serikali ya Kitaifa na ya kaunti zilishindwa kutenga rasilimali na kusimamia utekelezaji wa sera zake.

Tumeisoma hukumu hiyo mara nyingi. Inatufundisha kwamba huduma ya bure isiyo na pamba si huduma, na kwamba tangazo la Siku ya Madaraka halina miguu. Halitembei lenyewe kutoka Nairobi hadi wodi ya wazazi. Mtu wa kati anatakiwa, na yule mtu wa kati ni fedha inayofika kwa wakati.

Basi tuifuate fedha. Hapa mtatuvumilia kidogo, maana tutaingia katika sheria, lakini ndipo penye siri. Mwaka 2005, katika Mkoa wa Pwani wa wakati ule, yalianza majaribio ya kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya. Hazikuwa fedha nyingi. Kila kituo kilikuwa na kamati yenye wananchi ndani yake, ikaamua: tulipe kibarua wa usafi, tununue mafuta ya taa, tumlipie muuguzi nauli ya kwenda vijijini kuchanja watoto, tutengeneze paa. Watafiti waliofuatilia waliona ari ya wafanyakazi ikipanda na huduma zikitengenea. Waliona pia dosari moja, nasi tunaomba mwikumbuke hadi mwisho wa hotuba hii: wananchi wengi walio nje ya kamati hawakujua kwamba fedha hizo zipo. Kuanzia mwaka 2010 utaratibu huo ukaanza kuenezwa nchini kote.

Kisha yakaja majimbo yetu mapya, yaani kaunti, mwaka 2013. Tuliyapigania, na hatujutii. Lakini Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema kila fedha inayopokewa na serikali ya kaunti iingie katika mfuko wa mapato wa kaunti, isipokuwa ile iliyotolewa humo kwa sheria ya Bunge. Kifungu hicho ni kizuri. Kiliwekwa kuzuia magavana wasiwe na mifuko ya siri. Walakini matokeo yake kwa hospitali yalikuwa haya: shilingi 200 aliyolipa mgonjwa kwa keshia asubuhi ilisafiri hadi makao makuu ya kaunti, ikalala huko, na mara nyingi ikarudi baada ya miezi au isirudi kabisa. Daktari msimamizi aliyeishiwa na glavu siku ya Jumatano alikuwa na fedha zilizokusanywa Jumanne na hana ruhusa ya kuzigusa. Kaunti zilizochelewa kulipa Mamlaka ya Usambazaji wa Dawa, KEMSA, ziliona maagizo yao yakikwama. Hivyo ndivyo kabati huwa tupu pasipo mwizi hata mmoja. Wizi upo pia, hatuufichi. Ila tunajidanganya tukidhani kila kabati tupu lina mwizi nyuma yake. Wakati mwingine nyuma yake kuna karatasi isiyotiwa sahihi.

Ilichukua miaka kumi Bunge kutumia ruhusa iliyokuwa imeandikwa ndani ya kifungu kilekile. Mwezi Oktoba 2023 ilitiwa sahihi sheria inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Tunawaomba muiulizie katika kaunti zenu: je, hospitali yenu inabaki na fedha zake kweli, au hazina ya kaunti bado inazikamata mlangoni?

Kwa upande mwingine tumeona jinsi fedha nyingi inavyoweza kupita juu ya kichwa cha mgonjwa. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilikodisha mitambo ya kisasa kwa ajili ya hospitali za kaunti kwa mabilioni ya shilingi. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 kwamba baadhi ya mitambo ilikuwa imekaa bila kazi, hapana umeme wa kutosha, hapana mtaalamu wa kuiendesha. Na Oktoba ya mwaka uleule wa 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18, akipelekwa huku na huku kutafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baada ya hapo akafariki. Kifungu cha 43 cha Katiba kilikuwa na umri wa miaka mitano wakati huo, nacho kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kuhusu wafanyakazi tutasema machache. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 utekelezwe, na viongozi wao wakafungwa jela kwa kuidharau mahakama. Wagonjwa waliteseka, na wengine walikufa. Chama cha Mawakili kilishiriki katika usuluhishi, nasi tulijifunza kwamba Serikali isiyoheshimu mkataba wake na daktari haiwezi kuheshimu ahadi yake kwa mgonjwa. Kwa hiyo mtakapokwenda zahanati, msimfokee muuguzi. Yeye naye yuko foleni.

Sasa tunafika nyumbani, penye maneno machungu. Mwezi Septemba 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya umma ya kujifungulia kwa sababu walishindwa kulipa. Ilisema kuwazuilia kulikuwa kinyume cha Katiba: hospitali si jela, na deni la matibabu si kosa la jinai. Hukumu hiyo tuliifurahia. Lakini sisi sote tuliomo humu tunajua hospitali za makanisa yetu ambazo zimewahi kuzuilia wagonjwa, na nyingine kuzuilia maiti, hata baada ya hukumu hiyo. Tumeombwa zaidi ya mara moja kuandika barua kwa hospitali iliyo na msalaba juu ya lango lake. Tunazielewa shida za wasimamizi. Bima ya Serikali imewachelewesha malipo kwa miezi mingi, na wao wana mishahara ya kulipa. Hata hivyo, tutasimamaje mbele ya gavana kudai haki ya mgonjwa wa umma ikiwa mgonjwa wetu anachungwa na askari wa lango?

Na tuseme pia yale ambayo makanisa yameyafanya vizuri, kwa maana ni mengi. Mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti walianzisha pamoja shirika la kununua na kusambaza dawa, MEDS, nalo limehudumia hospitali za misheni kwa miongo. Waliweza kuweka kando tofauti zao za ibada kwa ajili ya ghala moja la dawa. Serikali iliyo na ghala lake, malori yake na polisi wake imepata taabu kubwa zaidi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuna mpango mpya wa bima chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Katika sheria yake, zahanati na vituo vya afya vinapaswa kumhudumia mtu bila malipo kutoka kwa mfuko wa Serikali. Tatizo ni kwamba asiye na mshahara ametakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Muuza mboga anayepata shilingi 250 leo na hasara kesho hawezi kuweka kiasi hicho mezani mara moja. Mtunga sheria aliyeandika hivyo hajawahi kuuza sukuma wiki.

Mtatuuliza: tufanye nini basi? Hatukuja na maandamano mfukoni leo, ingawa maandamano ni haki yenu. Tumekuja na vifungu viwili na sheria moja.

Cha kwanza ni Kifungu cha 20. Hutajwa mara chache mno. Kinaeleza kwamba Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki kama ile ya afya, ni juu yake yenyewe kuonyesha kwamba rasilimali hizo hazipo. Mwananchi hatakiwi kuthibitisha kwamba fedha ziko. Kwa hiyo jibu la “hakuna pesa”, ambalo tumelipokea kwa unyenyekevu tangu utotoni, ni mwanzo tu wa mazungumzo. Anayelitoa sharti afungue daftari.

Cha pili ni Kifungu cha 35, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na sheria iliyokitekeleza ilipitishwa mwaka 2016. Kwa sheria hiyo ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika lazima asaidiwe na afisa. Kutoa ombi hakuna ada. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Mnaona? Saa 48. Dawa ya shinikizo la damu, damu ya kuongezewa mzazi, oksijeni: hayo kwa maoni yetu yanahusu uhai. Afisa akikataa au akinyamaza, malalamishi hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Katika zahanati moja ya mashambani tunayoifahamu, mwenyekiti wa kamati alikuwa bibi mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa. Aliomba kuona vitu vitatu: kadi za stoo, taarifa ya benki na ratiba ya zamu. Alipofunguliwa stoo alikuta kadi hazijaandikwa kwa miezi mitatu. Hakumshtaki mtu. Alinunua karatasi ya manila, na dawa zilipofika tena akaandika kwa kalamu nene: paracetamol kiasi hiki, amoxicillin kiasi hiki, dawa za malaria kiasi hiki, tarehe fulani. Akaibandika mlangoni. Watu waliokuja kliniki walisimama wakaisoma, na waliojua kusoma waliwasomea wasiojua. Baada ya majuma machache mtu aliuliza, mbele za watu, jinsi vidonge vya Jumatatu vilivyokwisha Ijumaa. Tungependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Yalinyooka karibu mwaka mmoja. Tabibu mwenye nia njema alihamishwa, bibi akaugua, karatasi ikachanika na hakuna aliyeibandika nyingine. Kamati nzima ilikuwa ni yeye.

Ndiyo maana tunawaomba msipeleke mtu mmoja hodari. Kila kanisa lipeleke wawili katika kamati ya zahanati yake au katika mikutano yake, na wakitoka kuwe na wengine wawili waliokwisha kufundishwa kusoma kadi ya stoo. Kusoma kadi hiyo hujifunzwa kwa alasiri moja. Ina safu ya kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na mama yeyote anayeweka hesabu za chama cha akiba ataielewa haraka kuliko sisi. Tena mkumbuke kwamba makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili na mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Anayemkumbuka mwakilishi wa wadi mwezi Agosti amechelewa.

Barua ya kuomba habari tumeiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Inaomba orodha ya dawa zilizopokewa katika miezi sita, fedha zilizokusanywa na zilizorudishwa kituoni, na majina ya wanakamati. Nafasi za jina la zahanati, jina la mwombaji na tarehe zimeachwa wazi. Nakala ziko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na kalamu, na sisi tutabaki hapa hadi saa kumi na moja kwa yeyote atakayetaka kuijaza leo.